Maneno Ishirini ya Kuomba Njia

Walipofika Igawa, saa nne na dakika tano asubuhi, Mwelekezi, chombo cha kuonesha njia garini, alinyamaza. Hilo lilimtisha Atuganile kuliko ukungu wenyewe, kwa sababu chombo kile hakikuwa na desturi ya kunyamaza. Tangu Iringa kilikuwa kinahesabu kona, madaraja, hata ng'ombe waliosimama kandokando ya lami, kama mke mwenza anayetaka ajulikane kuwa yupo. Alipunguza mwendo, akaegesha pembeni, akasubiri kioo cha Mwelekezi kimwambie habari mbaya.

Habari yenyewe haikuchelewa. Malori mawili ya mbolea yalikuwa yameteleza karibu na Chimala na kuiziba nusu ya barabara. Mbele yake kulikuwa na magari mia nne na kumi na mawili yaliyokuwa yakipita upande mmoja kwa mwendo wa mkokoteni. Kwa njia ya Kawaida, kioo kilisema, angefika Mbeya baada ya saa mbili na dakika ishirini.

Nyuma ya kiti chake, Scolastika Kihwele, mtaalamu wa maabara, aliinama kutazama saa iliyobandikwa ubavuni mwa sanduku.

"Imebaki saa moja na dakika thelathini na sita, mama," alisema.

Ndani ya sanduku lile la joto mlikuwa na vipande kumi na vinne vya ngozi, vyembamba kama utando wa maziwa. Maabara ya Iringa ilikuwa imeviotesha kwa siku ishirini na mbili kutokana na nyama ndogo, isiyozidi punje ya mahindi, iliyokatwa kwenye paja la Tusekile, mdogo wake Atuganile. Tanuri la kukaushia majani ya chai lilikuwa limelipuka kiwandani. Tusekile alitoka salama, kisha akarudi ndani kuwatoa wenzake wawili. Wenzake walipona. Yeye mgongo wote, na mikono, viliungua. Ngozi ile ikitoka kwenye mitambo iliyoilea ilikuwa na saa sita za kuishi, na kwa kawaida ingeruka na ndege isiyo na rubani, ikafika kabla chai haijapoa. Lakini ukungu wa Aprili ulikuwa umezilaza ndege zote chini tangu juzi. Kuotesha nyingine kungechukua wiki tatu, na daktari alikwisha kusema kwa upole kwamba Tusekile ana siku nne.

Kwa hiyo Atuganile alifanya ambalo dada yeyote angelifanya. Alinyoosha kidole kwenye kitufe cha Haraka.

Kila mtu mzima nchini alikuwa na Haraka moja kwa mwaka, na yeye ya kwake alikuwa ameitunza tangu Januari kama kitenge cha sikukuu. Ukiibonyeza, Mwelekezi huyashika magari yote yaliyo mbele yako, yapende yasipende, akayaweka kando mpaka upite. Watani walikwisha kulimaliza jina lake kwa methali wanayoijua wote, lakini siku ya shida hakuna aliyekuwa akitania.

Ila mainjinia waliojenga mfumo ule walikuwa watu wakweli, na ukweli wao waliuita Mizani ya Dakika. Walisema hakuna dakika inayozaliwa barabarani. Dakika unayoiokoa wewe imetoka kwa mwingine, hata kama humjui na hutamwona. Ndiyo maana sheria ilitaka kwamba kabla Haraka haijakubaliwa, kioo kikuoneshe unaowachukulia. Majina hayaandikwi, huandikwa safari zao tu na dakika wanazopoteza. Na madereva, kwa kuwa ni watu, walikuwa na njia yao ya kuitii sheria hiyo: waliisukuma orodha juu kwa kidole mpaka mwisho, wakabonyeza "Nimesoma", wakaondoka. Atuganile naye alikwisha kuanza kusukuma.

"Ngoja kidogo," alisema Scolastika.

Mtu wa maabara hasaini asichokisoma. Alikuwa amefundishwa hivyo, na katika miaka yake ishirini na tisa hakuwahi kupokea hata chupa ya maji bila kugeuza lebo. Aliinama kati ya viti viwili, akaanza kusoma. Ndizi za kwenda sokoni, dakika kumi na nne. Mwalimu anayekwenda kusimamia mtihani, dakika ishirini. Bibi harusi na wapambe wake, dakika ishirini na sita. Alisoma kwa sauti ile ile ya kusomea vipimo, mpaka alipofika mstari wa tisini na kitu, akasita.

"Mjamzito. Uchungu umeanza, mtoto ametanguliza miguu. Gari binafsi, wanakwenda hospitali Mbeya. Haraka yao ya mwaka imekwisha kutumika." Akafika mwisho wa mstari. "Dakika thelathini na moja."

Mvua ilikuwa ikinyunya juu ya bati. Atuganile alimchukia msichana yule kwa muda mfupi, kweli kabisa, kwa kuwa na macho na kuyatumia.

Scolastika mwenyewe ndiye aliyejaribu kumtoa katika tope lile. Akamwonyesha hesabu iliyo chini ya mstari. Mwelekezi alikuwa amewapima wote wawili. Tusekile, ngozi isipofika, hatari ya kufa ilikuwa tisini na nne katika mia. Mama yule, akicheleweshwa, hatari yake au ya mtoto wake ilikuwa sita katika mia. Mfumo ulikuwa unaruhusu, tena ulikuwa unashauri. Hakuna mahakama ambayo ingewauliza neno.

"Hesabu iko upande wetu, mama. Bonyeza."

"Hiyo sita ni mtu, mwanangu," Atuganile alisema. "Anapumua sasa hivi, anabana meno. Halafu mimi nimfunge pembeni kama mbuzi, bila hata kumuuliza?"

"Na dada Tusekile?"

Atuganile aliuona uso wa mdogo wake, si ule wa hospitali uliofungwa bandeji, bali ule wa utotoni Tukuyu, akiwa amejipaka maharage mpaka masikioni. Alitaka kubonyeza. Tusikose kusema ukweli: kidole chake kilikwisha kugusa kioo. Angekuwa peke yake garini, angekwisha kubonyeza zamani, akaenda zake, na leo hii asingejua kama kulikuwa na mama yeyote katika orodha.

Ndipo macho yake yalipoteremka hadi kitufe cha tatu, kile kidogo cha kijivu kilichokaa chini kabisa, ambacho mafundi walikuwa wanafuta vumbi tu. Kiliitwa Omba.

Omba ilikuwa wazo la mainjinia wenyewe, na ilikuwa aibu yao pia. Ukiichagua, unapewa maneno ishirini. Unayasema, mfumo unayahesabu, na neno la ishirini likitoka mlango unafungwa. Sauti yako inakwenda kwenye kila gari lililo mbele, na kila aliyekaa humo anaona vitufe viwili: Mpishe, au Endelea. Hawezi kukujibu wala kukuuliza. Na ukishaomba, Haraka inafungwa kwa safari hiyo yote, ili mtu asije akaomba huku ameshika rungu. Walipoijaribu katika mji mmoja mkubwa, waliopisha walikuwa watatu katika kila mia. Baada ya hapo hakuna aliyeitilia maanani. Vijana waliiita kitufe cha ombaomba.

"Usiniambie unafikiria hicho," Scolastika alisema, naye sasa sauti yake ilikuwa imepanda. "Watatu katika mia, mama. Watatu."

"Hao waliopimwa hawakuwa watu wa barabara hii."

Atuganile alikuwa ameendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma miaka kumi na tisa, kabla malori hayajaanza kujiendesha na madereva wake kugeuzwa wasimamizi wa kukaa tu na kutazama. Alikuwa ameharibikiwa kwenye mteremko, akashuka akakuta mtu asiyemjua amekwisha kukata matawi na kuyapanga barabarani ili wanaokuja wapunguze mwendo. Mtu huyo hakungoja hata asante. Alijua lugha ya indikata ambayo hakuna kitabu kilichoifundisha: lori la mbele likiwasha taa ya kulia, usipite, kuna kitu kinakuja, likiwasha ya kushoto, pita, njia ni nyeupe. Aliwahi kuweka roho yake mkononi mwa taa ya kushoto mara elfu, na bado alikuwa hai. Je, watu wale wamekwisha? Hakujua. Miaka saba alikuwa hajaendesha lori. Alikuwa anakaribia kuweka uhai wa mdogo wake juu ya jambo asilolijua, na aliogopa.

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame," alisema, akabonyeza.

Kitufe cha Haraka kikazimika. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Atuganile alikohoa kidogo, akakaa vizuri, akasema kama mtu aliyebisha hodi mlangoni pa watu:

"Habari za safari, ndugu zangu madereva. Poleni na mvua na ukungu. Mimi Atuganile wa Tukuyu, mama Lusajo. Naomba njia kwa..."

Taa ya kijani ilizimika. *Ujumbe umetumwa.*

Scolastika alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Mama. Hukusema ni kwa nini."

Na kweli hakusema. Mainjinia walipoweka maneno ishirini walidhani, kwa akili zao nzuri, kwamba mwenye shida ataanza na shida. Hawakufikiri kuna watu ambao hawawezi kuingia nyumbani kwa mtu na kumtupia msiba wao kabla hawajauliza ameamkaje. Atuganile alilelewa hivyo. Mama yake angetoka kaburini kumchapa angekurupuka na shida bila salamu. Sasa salamu imekula maneno, shida imebaki mdomoni, na kwenye magari mia nne na kumi na mawili watu walikuwa wamesikia mwanamke fulani wa Tukuyu akiwapa pole ya mvua.

Kwenye kona ya kioo palitokea hesabu. *Waliopisha: 0.*

Aliondoa gari kwa sababu hapakuwa na la kufanya zaidi ya kuendesha. Dakika ya kwanza ilipita, na ya pili. Sifuri ilikaa pale pale. Alifikia mkia wa foleni, taa nyekundu za malori zikitambaa ndani ya ukungu, na moyo ukamwambia wazi kwamba amemuua mdogo wake kwa adabu. Hakulia. Alikuwa na hasira mno na nafsi yake kuweza kulia. Mkono wa Scolastika ulikuwa umelalia kifuniko cha sanduku.

Dakika ya nne, sifuri ikageuka moja.

Lori la mbele yao kabisa, refu, lililobeba mabomba, liliyumba kidogo kuelekea ukingoni mwa barabara. Haukuwa myumbo wa mashine, maana mashine huteleza kwa ulaini kama siagi. Huu ulikuwa wa mtu aliyeshika usukani ambao mikono yake ilikuwa imeukumbuka ghafla. Kisha upande wa kushoto, ndani ya ukungu, taa ya njano ikaanza kuwaka na kuzima. Pita. Njia ni nyeupe.

"Hiyo ni nini?" Scolastika aliuliza.

Atuganile alikanyaga mafuta, kama walivyozoea kusema hata baada ya mafuta kwisha duniani, akalipita lori. Mbele yake taa nyingine ya kushoto ikawaka, na mbele ya hiyo nyingine. Hesabu kwenye kioo ikasema tisa, ikasema thelathini na nne, kisha ikaacha kwenda kwa kutembea, ikakimbia. Mia na ishirini. Mia mbili na sita. Malori yalikuwa yakishuka kwenye changarawe moja baada ya jingine. Pikapu ya ndizi ilijibana kwenye mtaro hadi mikungu ikagusa nyasi. Wapambe wa bibi harusi walishusha vioo na kupunga khanga katika mvua, hawajui wanampungia nani wala kwa nini. Furaha ilimpanda Atuganile kifuani kwa nguvu iliyomshangaza. Alikuwa amewaamini watu, na watu walikuwepo.

Walikuwa wamekwisha kupita malori yaliyoanguka, wanaelekea Igurusi, alipoliona gari moja dogo la bluu.

Lilikuwa limeshuka barabarani, matairi ya kushoto yamezama kwenye tope. Mwanamume mwenye shati lililolowa alisimama nje, akiwaashiria kwa mkono wapite, wapite. Kwenye kiti cha nyuma mwanamke alikuwa amekumbatia kiti cha mbele, paji la uso limelala juu yake.

"Ni wao," Scolastika alisema. "Mama, ni wao. Wametupisha."

Mwelekezi alitangaza kwamba kusimama kutagharimu muda. Atuganile alisimama. Alishusha kioo, na yule mwanamume akaja mbio, akidhani wamepotea njia.

"Tulikusikia, mama," alisema, akihema. "Tukasema tukupishe, sisi bado tuna muda kidogo."

Hawakuwa na muda kidogo. Ilionekana machoni mwake.

"Ingia garini, baba," Atuganile alimwambia. "Kaa nyuma yangu, usiachane na taa zangu. Tunakwenda wote."

Alirudisha gari lake nyuma kidogo, mwanamume akalichomoa lile la bluu kwenye tope kwa jaribio la pili, na wakaondoka wakifuatana. Mwelekezi hakupendezwa. Njia imetolewa kwa gari moja, alisema. Gari la pili halina kibali, magari yaliyopisha yatarejeshwa barabarani mara gari la kwanza likipita. Na kweli, lori lililofuata lilianza kujirudisha lenyewe, pua yake ikiingia kati yao.

Atuganile alitoa mkono wa kulia dirishani, katika mvua, akainua vidole viwili. Zamani, kwenye misafara, ishara hiyo ilimaanisha: nina mwenzangu nyuma, mngojee. Msimamizi wa lori, mzee aliyevaa sweta, aliiona. Aliukamata usukani kwa mikono yote miwili, akaivuta mashine yake arudi nayo kwenye changarawe, na gari la bluu likapita. Kutoka hapo hakuushusha mkono. Bega lilimuuma, maji yakamwingia hadi kwapani, na lori baada ya lori watu walizishika mashine zao kwa nguvu za mwili, wakazizuia mpaka wa pili amepita.

Walishuka Uyole, wakaingia Mbeya. Walipofika kwenye geti la hospitali, saa ya sanduku ilikuwa na dakika kumi na moja. Wauguzi walichukua sanduku kwa mbio. Wengine wakaja na kitanda kwa mwanamke wa gari la bluu. Kioo kilionesha hesabu ya mwisho, Waliopisha: 398, na Scolastika aliisoma mara tatu. Kisha alifungua mlango, akakaa kwenye ngazi ya gari, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto, wala hakuona haya.

Saa saba mchana Daktari Mwambene alitoka chumba cha upasuaji na kofia mkononi. Alisema vipande vyote kumi na vinne vilifika vikiwa hai, vyote vimekaa mahali pake, na kwamba Tusekile ana damu nzuri na kichwa kigumu, mambo ambayo yote mawili yanasaidia. Atuganile alimshika mikono, akamshukuru kwa Kinyakyusa, maana Kiswahili kilikuwa kimemponyoka. Kabla hajatulia, yule mwanamume wa shati lililolowa alikuja akikimbia kwenye korido. Mtoto wa kike, alisema, ametoka akitanguliza miguu, na anapiga kelele hadi wodi ya pili.

Atuganile alitoka kupata hewa. Nje ya geti ilipita barabara ya Tunduma, na malori waliyoyapita asubuhi yalikuwa yanaanza kuwasili. Moja lilisimama. Mzee aliyevaa sweta akashuka taratibu, akavuka, akamtazama mkono wa kulia ambao bado ulikuwa umelowa.

"Shikamoo, mzee," Atuganile alisema.

"Marahaba. Ndiwe mama Lusajo?"

"Ndimi."

Alijitambulisha kuwa ni Sanga, wa Makete. Alisema tangu Chimala wamekuwa wakibishana kwenye redio za malori. Mmoja alishikilia kwamba mama yule amebeba samaki, mwingine kwamba amembeba waziri, mwingine kwamba ni msiba. Walikuwa wamemtuma yeye aulize, kwa kuwa ndiye wa kwanza kufika.

Atuganile alimwambia. Alimwambia yote, tanuri, ngozi, saa sita, na mdogo wake aliyelala ghorofani na mgongo mpya. Mzee Sanga alisikiliza, ameinamisha kichwa.

"Mlinipisha bila kujua ni kwa nini," Atuganile alisema. "Kwa nini?"

Mzee alionekana kushangazwa na swali.

"Mwongo angeanza na shida," alisema.

Akarudi kwenye lori lake. Kupitia dirisha Atuganile alimwona akichukua kipaza sauti cha redio, midomo yake ikisema maneno machache. Kisha akaweka mkono kwenye honi. Lori lililokuwa nyuma likamjibu, na la nyuma yake pia, na mlio ukapanda kilima kurudi nyuma kuelekea Uyole, lori kwa lori, hadi mahali ambapo jicho halifiki.

Mlinzi wa geti alitoka kibandani mwake. Aliutazama ubao ulioandikwa kwamba honi ni marufuku, akamtazama Atuganile aliyekuwa anacheka na kulia kwa pamoja, kisha akarudi kibandani na kufunga mlango. Malori yakaanza kupita. Atuganile alisimama ukingoni mwa barabara akayapungia mkono moja moja, akiwaambia asante wote waliokuwemo, mpaka likapita la mwisho.